Seva ya muvi nyumbani: anza na umeme, kompyuta itafuata

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Video zilikwama, WhatsApp ikawa ya kubahatisha, na mtu aliyezoea kuangalia kila kitu mtandaoni akabaki anatazama duara linalozunguka kwenye kioo. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nyumba iliyokuwa na muvi zake ndani, kwenye diski yake yenyewe, iliendelea kuangalia kama kawaida siku zote hizo.

Hata intaneti inapokuwa nzima, kuna suala la bando. Netflix wenyewe wanaeleza kuwa video ya kiwango cha HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Mtu mzima akiangalia filamu moja, basi imekwisha. Mtoto wa miaka minne haangalii katuni mara moja. Anaiangalia leo, kesho asubuhi, kesho jioni, na wiki nzima inayofuata, na kila mara mzazi analipia upya MB zilezile za katuni ileile. Hapo ndipo seva ya nyumbani inapolipa gharama yake, hasa huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam, Chamazi, Mbande, Toangoma, Bunju, Madale, ambako nyumba nyingi zinategemea rauta ya laini ya simu.

Seva hii si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta ndogo inayowaka muda wote, ina diski kubwa yenye filamu, tamthilia, katuni, muziki na video za familia, na imeunganishwa kwa waya na rauta yako. TV ya sebuleni, simu ya mama na kompyuta ya mwanafunzi vyote vinachukua video kutoka humo kupitia waifai ya ndani. Video haitoki nje ya rauta, kwa hiyo haigusi bando hata kidogo. Bando likiisha, seva inaendelea. Hata rauta ya mtumba isiyo na laini kabisa inatosha, maana kazi yake hapa ni kuunganisha vyombo vya ndani tu.

Makosa mengi huanzia dukani, pale mtu anapouliza kwanza kompyuta ina nguvu kiasi gani. Kwa mkazi wa Dar es Salaam swali la kwanza ni inakula umeme kiasi gani, kwa sababu chombo hiki hakizimwi. Piga hesabu na mimi. Kompyuta ndogo za ofisini, zile zinazoingia kwenye kiganja na kubaki kidogo, zikiwa zimetulia hula wati 10 hadi 15. Wati 15 kwa saa 24 kwa siku 30 ni uniti 10.8. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye uniti moja ukijumlisha kodi na tozo inafika takribani shilingi 356, hiyo ni kama shilingi 3,850 kwa mwezi. Sasa chukua kompyuta ya zamani ya mezani, lile boksi kubwa la kusimama, linalokula wati 70 likiwa halifanyi chochote. Hilo litakula uniti 50 kwa mwezi, karibu shilingi 18,000. Kwa mwaka, tofauti ya mashine hizo mbili inakaribia shilingi 170,000, na kila mwaka unaofuata ni hivyo hivyo.

Na kuna jambo zito zaidi kwa nyumba zilizo kwenye daraja la matumizi madogo, ambazo zinanunua uniti kwa bei nafuu mradi zisivuke uniti 75 kwa mwezi. Boksi la wati 70 peke yake linamaliza theluthi mbili ya hizo uniti kabla hujawasha taa wala friji. Ukivuka 75, uniti za juu yake zinahesabiwa kwa bei kubwa. Kwa nyumba ya namna hiyo, boksi ulilopewa bure na ofisi ni zawadi inayokula pesa. Likatae kwa heshima.

Kwa hiyo tafuta ile kompyuta ndogo ya ofisini, yaani mini. Kariakoo na maduka ya kompyuta za mtumba ya katikati ya mji yanazo: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zilizofungwa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba zinapatikana kwa bei ya kuridhisha kwa sababu inayoeleweka: Windows 11 haizikubali rasmi, inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Makampuni huko nje yanaziondoa. Wewe huhitaji Windows kwenye seva, kwa hiyo hasara yao ni nafuu yako. Kama una uwezo wa kuchagua, chukua cha saba au zaidi. Kizazi hicho kina sehemu ndani ya prosesa inayofungua video za mfumo wa HEVC wa biti 10 bila kuhangaika, na video nyingi za siku hizi zimefungwa kwa mfumo huo. RAM ya GB 8 inatosha, na SSD ndogo ya GB 128 au 256 ni ya kubebea mfumo wa uendeshaji tu. Muvi hazikai humo.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa mashine ikiwaka tu kisha ukafungiwa kwenye mfuko. Omba kuingia kwenye BIOS, zile settingi za mwanzo kabisa kabla mfumo haujapanda. Mashine zilizotoka ofisini wakati mwingine zimefungwa neno la siri pale, na muuzaji mwenyewe halijui. Bila kuingia humo hutaweza kupanga kitu muhimu kuliko vyote kwa mji wetu: mashine iwake yenyewe umeme ukirudi. Settingi hiyo ipo kwenye karibu kila mashine ya ofisini. Ukiiweka, umeme unakatika saa nane usiku, unarudi saa kumi, na asubuhi watoto wanakuta kila kitu kiko hewani bila mtu kubonyeza chochote. Kagua pia adapta. Iwe ya kampuni ileile na wati zilezile zilizoandikwa, maana adapta bandia ndiyo inayoanza kuua mashine nzuri. Weka sikio karibu na feni, kisha mulika tochi ya simu kwenye matundu ya USB na ya waya wa mtandao. Mashine iliyokaa karibu na bahari huonyesha kutu pale kwanza.

Kwa asiye na fungu, kuna njia ninayoipenda sana. Laptop iliyovunjika kioo. Haina soko, lakini ndani yake kuna prosesa inayokula umeme kidogo, na kuna betri inayoishikilia umeme ukikatika. Tatizo lake ni moja, na ni la hatari: betri inayochajiwa mchana na usiku kwenye joto la Dar huvimba. Kama laptop yako ina settingi ya kuzuia chaji isizidi asilimia 60 au 80, iweke. Kama haina, ikague kila mwezi. Ukiona kibodi imeinuka au chini imetuna, toa betri siku hiyohiyo na uendelee kwa adapta na UPS.

Sasa diski, ambako watu huibiwa zaidi. Kuna flashi na diski za mkononi zinazouzwa zimeandikwa TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani mna chipu ya GB 32 au 64 iliyodanganywa ijitangaze kuwa kubwa. Utanakili picha za harusi, jina la faili litaonekana, ukubwa utaonekana, lakini siku ya kufungua hakuna kitu. Kila diski au flashi mpya ijaribiwe kabla ya kuwekewa chochote, kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizo huijaza kumbukumbu yote kisha huisoma tena. Inaweza kuchukua usiku mzima. Iache ichukue. Kwa diski ya mtumba, fungua CrystalDiskInfo uangalie mambo mawili: saa ilizofanya kazi, na sekta zilizohamishwa kwa sababu ya ubovu. Mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne bila kulala. Sekta mbovu zikiwa hata chache, mrudishie mwenyewe.

Ukubwa wa diski unategemea unachotunza. Filamu ya saa mbili ya kiwango cha 1080 iliyobanwa vizuri, kama megabiti 5 kwa sekunde, ni GB 4.5. Terabaiti moja basi inabeba filamu 200 na ushee. Familia nyingi hazihitaji zaidi ya TB 2 au 4 kwa miaka kadhaa, na ni busara zaidi kununua diski mbili za TB 2 kuliko moja ya TB 4, kwa sababu nitakayoieleza chini. Kama seva ni ya Linux, diski ya seva ipange kwa mfumo wa ext4. Unavumilia umeme kukatika ghafla kuliko exFAT ambayo diski nyingi za mkononi huja nayo.

Umeme wenyewe ndio adui wa kwanza. Kukatika si tatizo kubwa kama kurudi. Unarudi kwa kishindo, unapanda, unashuka, taa zinafifia na kung'aa, na ndani ya dakika hiyo ndimo adapta na diski hufa. Watu wetu wamezoea kuweka stabilaiza kwenye friji na kuiacha kompyuta ichomekwe ukutani moja kwa moja. Seva na rauta vikae nyuma ya UPS. Ile ndogo ya VA 650 yenye betri ya volti 12 inatosha kushikilia mini na rauta kwa muda unaofika saa moja hivi, wakati mwingine zaidi, muda wa kutosha kwa mashine kujizima kistaarabu kama umeunganisha waya wa USB wa UPS na kuweka programu ya NUT. Betri za UPS haziishi sana kwenye joto. Kila nyuzijoto 10 juu ya 25 hupunguza uhai wake kwa takribani nusu, kwa hiyo tenga pesa ya betri mpya kila baada ya miaka miwili. Kuanza kuzalisha kwa mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere mwaka 2024 kumepunguza makali ya mgawo, lakini nguzo ya mtaani kwako na transfoma inayobeba nyumba nyingi kuliko uwezo wake ni habari nyingine.

Mahali pa kuiweka napo panahitaji akili. Usiifungie kwenye kabati la TV lenye milango ya kioo, na usiipandishe darini. Chini ya bati mwezi Februari pana joto la kuua diski. Usiiweke sakafuni pia, kwa sababu ya maji ya masika au vumbi la barabara ambayo bado haijapata lami. Rafu ya ukutani, kimo cha kifua, mbali na dirisha la upande wa upepo wa bahari, ndiyo mahali pake. Na wadudu uwachukulie kwa uzito. Sisimizi hupenda joto la adapta na hujenga ndani yake. Mjusi akiingia kwenye UPS akagusa nyaya mbili, amekufa yeye na imekufa UPS. Ziba matundu makubwa kwa wavu mwembamba wa dirisha, ule wa mbu, bila kuziba njia ya hewa, na kila baada ya miezi mitatu fungua, puliza vumbi, angalia.

Kwenye programu sina maneno mengi. Kuna Plex, Emby na Jellyfin. Plex ina sura nzuri, lakini inataka akaunti ya mtandaoni, na tangu mwishoni mwa Aprili 2025 kuangalia ukiwa nje ya nyumba kumekuwa kwa kulipia. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018 pale Emby walipofunga msimbo wao, ni ya bure, na ikishasimikwa haihitaji intaneti ili kuonyesha muvi. Kwa mazingira yetu, chagua Jellyfin. Isimike juu ya Debian au Ubuntu. Kama Linux ni ngeni kwako, mwombe kijana wa chuo mtaani akusimikie, lakini kaa naye, andika kila hatua kwenye daftari, na maneno ya siri yabaki kwako. TV za Android na za LG zina programu ya Jellyfin kwenye maduka yake ya programu. TV ya kawaida itahitaji kijiti au boksi la Android, na hata TV ya chogo inakubali, mradi boksi liwe na tundu la AV.

Seva iunganishe na rauta kwa waya, usitegemee waifai kwa pande zote mbili. Tandika, Manzese au Mbagala Rangi Tatu, ambako waifai za majirani zimebanana, bendi ya 2.4 GHz imejaa. TV itumie bendi ya 5 GHz kama iko chumba kimoja na rauta, au ivutiwe waya wake. Video ikikwama, chunguza waifai kabla hujailaumu mashine.

Faili zipange tangu siku ya kwanza: folda moja kwa kila filamu, jina na mwaka. Mathalani Girlfriend (2003), ile iliyofungua njia kwa sinema za Bongo. Jellyfin husoma jina hilo na kwenda kutafuta picha ya jalada na maelezo. Filamu za Marekani, India na tamthilia za Kituruki itazikuta. Zetu nyingi haitazikuta, kwa sababu hakuna aliyeziandika kwenye hifadhidata ya The Movie Database ambayo programu hizi huitegemea. Piga picha jalada la DVD, iweke kwenye folda kwa jina la poster, na ukipata nafasi jiandikishe kwenye hifadhidata hiyo uiingize filamu: jina, mwaka, waigizaji. Ni kazi ya dakika kumi, na kila Mswahili mwenye seva duniani atafaidika nayo.

Sasa nifike kwenye kile ninachoona ndicho sababu kubwa ya kuwa na seva. Filamu ya Hollywood ikipotea utaipata tena. Video ya harusi ya wazazi wako haiko popote isipokuwa kwenye kile kisanduku cha CD juu ya kabati. Miaka ya 2000 mafundi wa video wa Dar walitukabidhi ndoa, kipaimara, maulidi, kitchen party na misiba kwenye VCD na DVD za kuchoma, na hewa ya pwani inazila. Nyingine zimeanza kubanduka tabaka, nyingine zina ukungu. Kaseti za VHS hali yake ni mbaya zaidi. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki zake, iliacha Julai 2016, na deki nzima zinazidi kuadimika.

VCD ukiiingiza kwenye kompyuta ya Windows, fungua folda ya MPEGAV. Ndani utakuta AVSEQ01.DAT. Hiyo ndiyo harusi yenyewe. Inakili, badilisha mwisho wa jina kutoka DAT kuwa mpg, na itafunguka. DVD ya fundi wa harusi ina folda ya VIDEO_TS: inakili yote, kisha programu ya HandBrake itakutolea faili moja safi. CD yenye uchafu ioshe kwa maji safi na kitambaa laini, ukipangusa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, kamwe usizungushe. Ikikataa kwenye kompyuta moja, jaribu nyingine. Visomaji havifanani, na mara nyingi kile cha zamani husoma kilichokataliwa na kipya. Kaseti za VHS zinahitaji deki na kifaa cha kunasia cha USB, na zinanakiliwa kwa muda wake halisi, saa tatu za harusi ni saa tatu za kusubiri. Mkae na wazee wakati huo, na muandike majina ya watu wanaoonekana. Baada ya miaka kumi hatabaki wa kuwataja.

Hapa ndipo diski mbili zinapohitajika. Moja inafanya kazi ndani ya seva, ya pili inapokea nakala mara moja kwa mwezi kisha inatolewa na kupelekwa kwa ndugu, Kigamboni, Morogoro, Tanga, popote ambapo mwizi wa nyumba yako na mafuriko ya mtaa wako hayafiki. Diski mbili zinazokaa ndani ya boksi moja zinaungua pamoja.

Ndugu walioko Muscat au London watataka nao kuangalia. Laini za simu hazikupi anwani ya mtandao inayofikika kutoka nje, na hata ungeipata, usifungue milango ya rauta kwa dunia nzima. Tumia programu ya Tailscale, ambayo kwa matumizi ya familia ni bure. Kumbuka tu kwamba hapo sasa bando linaliwa, kwa upande wa kupakia.

Jambo la mwisho ni haki ya aliyetengeneza kazi. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndio wasimamizi wake. DVD uliyoinunua ukainakili kwa ajili ya sebule yako ni jambo moja. Kuwauzia majirani, kuwavutia waya kwa malipo ya mwezi, au kugeuza seva kuwa kibanda umiza ni biashara, na biashara hiyo inakupeleka mikononi mwa COSOTA, Bodi ya Filamu na TCRA. Vibanda vinavyojaza flashi kwa shilingi mia chache kila muvi havimlipi mwigizaji wa Kinondoni hata senti. Tasnia ya Bongo iliyowahi kujaza maduka ya Kariakoo imeumizwa na mtindo huu, na anayependa kuona filamu za Kiswahili zikiendelea asiuchangie.

Kama pesa ya mashine bado haijapatikana, usisubiri. Wikiendi hii shusha kile kisanduku cha juu ya kabati, azima kompyuta yenye kisomaji cha CD, na unakili zile za familia kwanza. Seva itakuja kuzikuta.